Kitabu kipi cha usimamizi wa miradi kinamfaa anayeanza, ilhali mradi tayari umo mikononi mwake?

DadaWaAfya (Singida)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba ushauri wa kuchagua kitabu kimoja, au vikizidi sana viwili, vya kuanzia katika usimamizi wa miradi. Kitaaluma mimi ni afisa afya mazingira na ninafanya kazi katika asasi ndogo. Kuanzia mwezi Julai nitasimamia mradi wa miaka miwili wa kuchimba visima virefu na kujenga vyoo katika shule za msingi za kata kadhaa. Andiko la mradi liliandikwa na mtangulizi wangu, ambaye ameshahamia kwingine, na fedha zinatoka kwa mfadhili wa nje anayetaka taarifa ya utekelezaji kila robo mwaka. Sijawahi kusomea usimamizi wa miradi darasani. Kidogo ninachokijua nimekipata kwa kuwatazama wenzangu wakifanya kazi.

Baada ya kuuliza huku na huko nimebaki na orodha ya vitabu vinne, vyote vya Kiingereza. Cha kwanza ni PMBOK Guide, ambacho hutolewa na taasisi ya PMI ya Marekani na ambacho karibu kila niliyemuuliza alikitaja. Cha pili ni kile kinene cha Harold Kerzner kiitwacho Project Management: A Systems Approach to Planning, Scheduling, and Controlling. Cha tatu ni Project Management For Dummies cha Stanley Portny. Cha nne ni Scrum Guide, kijitabu cha bure cha Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambacho kijana mmoja wa kompyuta aliniambia kwamba kimevifanya vingine vyote kuwa vya kizamani.

Kiingereza ninakisoma, lakini ninasoma usiku baada ya kazi, kwa hiyo kitabu kinachohitaji nikirudie kila aya mara tatu hakitanifikisha mbali. Ningependa kujua nianze na kipi, kama hicho kinachotajwa na kila mtu ndicho hasa kinachomfaa mtu wa hali yangu, na kama kitabu kilichoandikwa kwa kufikiria viwanda na programu za kompyuta kinaweza kumsaidia mtu ambaye siku yake inapita baina ya walimu wakuu, serikali za vijiji na mkandarasi wa visima.

Mtathmini (Dodoma)

Dada, hongera kwa kukabidhiwa dhamana hiyo.

Nianze na PMBOK Guide, kwa sababu ndicho kinachowachelewesha wanaoanza kuliko vyote. PMI ilianzishwa mwaka 1969, na toleo la kwanza la kitabu hicho likatoka mwaka 1996 kwa kusudi la kuweka katika maandishi yale ambayo watu waliokomaa katika fani wanakubaliana kuwa ni utaratibu mzuri. Toleo la sita la mwaka 2017 liliigawa kazi yote katika maeneo 10 ya maarifa na michakato 49, kila mchakato ukiambatana na orodha ya kinachoingia, zana zinazotumika na kinachotoka. Toleo la saba la mwaka 2021 likauacha mpangilio huo, likaja na kanuni 12 na nyanja 8 za utendaji. Aliyekwisha kusimamia miradi huona upesi kwa nini mabadiliko hayo yalifanywa, lakini anayeanza atakuwa amekariri majina tu. Ni sawa na kumpa kamusi mtu anayetaka kujifunza lugha: kila neno limo, ila hakuna pa kuanzia. Kiache kwanza, utakirudia siku ukihitaji kuhakiki jambo.

Kerzner naye ni mwalimu mkubwa, na kitabu chake kimekuwa kikitolewa upya tangu mwaka 1979, lakini ni kitabu cha kiada cha chuo kikuu, na baadhi ya matoleo yake yamevuka kurasa 1,000. Mwanafunzi mwenye muhula mzima na mhadhiri wa kumuuliza atafaidika nacho, lakini wewe una hadi Julai.

Kuhusu Scrum Guide, kijana wako hakukosea kukisifu, ila alisahau kukuuliza unajenga nini. Kijitabu hicho, ambacho toleo lake la mwaka 2020 halifiki hata kurasa 20, kinaelekeza timu ifanye kazi kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja na kumwonyesha mteja kitu kinachotumika mwishoni mwa kila kipindi, kisha ibadilishe mwelekeo kulingana na anachosema. Programu ya kompyuta inakubali kujengwa hivyo. Kisima cha mita mia moja hakikubali, kwa kuwa mkandarasi akishaondoa mtambo wake kijijini, kumrudisha ni mkataba mwingine na fedha nyingine.

Kitabu ambacho ningekukabidhi leo hakimo katika orodha yako, nacho ni mwongozo wa Project DPro, zamani ukiitwa PMD Pro, unaotolewa na shirika la PM4NGOs na kupakuliwa bure. Umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa miradi ya maendeleo, kwa hiyo hautumii kurasa nyingi kukueleza kuhusu faida na wanahisa. Unaufuata mradi tangu unapobuniwa, unapoidhinishwa, unapopangwa na kutekelezwa hadi unapofungwa na kukabidhiwa kwa wenyewe, huku ufuatiliaji na tathmini ukienda sambamba na hatua zote. Ndani yake utakuta mti wa matatizo (mchoro wa tatizo, vyanzo vyake na madhara yake), uchambuzi wa wadau, mchanganuo wa kazi, daftari la vihatarishi (orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi), chati ya Gantt (mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini), na lile jedwali la mantiki ya mradi, linaloonyesha jinsi shughuli zinavyoleta matokeo na matokeo yanavyofikisha lengo, ambalo Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilianza kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambalo wafadhili wengi hadi leo hawapokei andiko lisilokuwa nalo.

Usiusome kwa kufuata kurasa. Chukua andiko ulilorithi, ulifungue ukurasa wenye jedwali la mantiki, kisha usome sura inayohusu jedwali hilo huku unalichambua la kwako. Angalia hasa kama mtangulizi wako ameahidi idadi ya visima, au ameahidi wanafunzi wanaopata maji safi shuleni mwaka mzima. Ahadi ya kwanza inatimia siku ya makabidhiano. Ya pili inakuhitaji ujue nani atanunua kipuri pampu ikiharibika, na kama jambo hilo halimo katika bajeti, ni heri ulijue mwezi Julai kuliko wakati wa tathmini ya mwisho. Nimekagua miradi mingi ya maji ambayo ilikuwa imekamilika kwenye karatasi, ilhali bomba halitoi tone.

FundiRatiba (Mombasa)

Ninaheshimu ushauri wa Ndugu Mtathmini, na kuhusu PMBOK Guide tunakubaliana. Hata hivyo, miongozo ya asasi ina udhaifu mmoja ambao mhandisi huuona mapema: inaeleza vizuri kwa nini mradi upo na ni wa nani, lakini inapita haraka mno juu ya ratiba, na ratiba ndiyo itakayokusumbua kila wiki. Kwa hiyo mimi ningeongeza kigezo cha kuchagulia kitabu. Kabla ya kununua, fungua sura ya ratiba uone kama mwandishi anakufanyisha hesabu. Akikuonyesha chati ya Gantt iliyokwisha kupakwa rangi bila kukueleza tarehe zile zimetoka wapi, kiweke kitabu chini.

Niseme kwa mfano wa kazi yako mwenyewe, kwa muda ninaoukisia tu. Tuseme utafiti wa maji chini ya ardhi unachukua wiki 2, kibali cha kuchimba kutoka Bodi ya Maji ya Bonde wiki 4, uchimbaji pamoja na upimaji wa wingi wa maji wiki 1, upimaji wa ubora wa maji maabara wiki 2, kuagiza na kupokea pampu ya sola wiki 8, na kuifunga wiki 1. Ukizipanga kazi hizi zote zifuatane, unapata wiki 18. Lakini aina ya pampu inategemea kina na wingi wa maji, mambo ambayo utayajua mara tu baada ya kuchimba, kwa hiyo unaweza kuagiza pampu siku hiyohiyo huku sampuli ikiwa maabara. Ukifanya hivyo mradi unakwisha kwa wiki 16, na majibu ya maabara yanaweza kuchelewa hata kwa wiki 6 bila kuigusa tarehe ya mwisho. Mnara wa tanki nao, kama unahitaji wiki 5 na unaanza baada ya kuchimba, una akiba ya wiki 3 kabla pampu haijafika, kwa hiyo fundi wa mnara akichelewa siku chache huna haja ya kugombana naye. Pampu ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja.

Huo mlolongo wa kazi usiokuwa na akiba ndio unaoamua tarehe ya mwisho. Njia ya kuutafuta ilibuniwa na watu wa kampuni za Marekani za DuPont na Remington Rand kuanzia mwaka 1957, na mwaka uliofuata Jeshi la Majini la Marekani likatoa ya kwake, iitwayo PERT, kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa, na mtu wa darasa la saba anaiweza, lakini wapo wasimamizi wanaostaafu bila kuifanya hata mara moja kwa sababu kompyuta huwachorea.

Katika orodha yako, Portny ndiye anayepita kigezo hiki. Jina la kitabu chake lisikuudhi. Anakuanzisha kwa kuorodhesha watu wote wanaohusika na mradi, anakuvusha kwenye kuigawa kazi vipande vidogo, kisha anakuchoresha mtandao wa kazi kwa mkono na kukutaka uikokotoe akiba ya kila kazi. Usipotaka kutoa fedha, kipo kitabu cha Adrienne Watt kiitwacho Project Management, kilichotolewa na BCcampus ya British Columbia nchini Kanada. Toleo lake la pili ni la mwaka 2014 na kinasomwa bure mtandaoni. Lugha yake ni nyepesi, sura zake ni fupi, na kina sura za ratiba, bajeti, ununuzi na vihatarishi. Mifano yake mingi ni ya Amerika ya Kaskazini, lakini hesabu haichagui bara.

Mtathmini (Dodoma)

Ndugu FundiRatiba, hoja ya ratiba ninaipokea, na ni kweli kwamba mwongozo nilioutaja unahitaji msaidizi upande huo. Ila hizo wiki 2 ulizookoa zina bei ambayo kitabu cha ratiba peke yake hakitamwambia Dada. Yupo Singida, na maji ya chini ya ardhi katika sehemu kadhaa za ukanda ule yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Akiagiza pampu kabla ya majibu ya maabara, kisha majibu yakaja mabaya, atakuwa na pampu ya kisima ambacho hakiruhusiwi kunywesha watoto. Kwa hiyo uamuzi wa kuzipanga kazi hizo mbili zifuatane au ziende pamoja unapaswa kuanzia katika daftari la vihatarishi, si katika chati. Mahali ambapo visima vya jirani vimepimwa na kuonekana salama, afuate ushauri wako. Mahali pasipojulikana, wiki 2 si ghali.

FundiRatiba (Mombasa)

Hapo tumekubaliana kabisa, na huo ndio mfano ambao ningependa kuukuta kitabuni.

Msahihishaji_DSM

Nina jambo dogo ambalo halijaguswa. Dada hakusema kama anataka cheti, na jibu la swali hilo linabadilisha kitabu. PMI ina mtihani wa ngazi ya kuanzia uitwao CAPM, ambao mtu mwenye elimu ya sekondari anaweza kuufanya ilimradi awe amepata saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Mwongozo wa Project DPro nao una mtihani wake, na kitabu kinachotahiniwa ndicho hicho hicho cha bure.

Anayelenga CAPM aangalie mwaka wa kitabu cha maandalizi kabla ya kukilipia, kwa kuwa maudhui ya mtihani yalibadilishwa mwaka 2023 na sasa yana sehemu za mbinu nyumbufu (za kufanya kazi kwa vipindi vifupi, kama Scrum) na uchambuzi wa mahitaji, ambazo vitabu vya kabla ya hapo vilizigusa kidogo au havikuzigusa kabisa. Kwenye meza za vitabu vya mitumba hapa mjini hivyo vya zamani ndivyo vilivyojaa, na muuzaji hatakwambia. Kwa kazi ya kusimamia visima, toleo la zamani la Portny halitakudhuru, kwa sababu namna ya kugawa kazi na kukokotoa akiba haikubadilika.

DadaWaAfya (Singida)

Ninawashukuru sana. Cheti kwa sasa si lengo langu. Nimeshapakua mwongozo wa Project DPro na kuliweka andiko letu mbele yangu kama Ndugu Mtathmini alivyoelekeza, na tayari nimeona kwamba tumeahidi wanafunzi wanaopata maji mwaka mzima, ilhali bajeti ya matengenezo haina hata mstari mmoja.

Hilo limenizulia swali jingine. Nikisoma sura za wadau, ninakuta majedwali mazuri ya nani ana ushawishi mkubwa na nani ana maslahi madogo, lakini sioni mahali ninapofundishwa kukaa na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji ambao kila mmoja anataka kisima kichimbwe upande wake, au kumwandikia mfadhili kwamba ahadi tuliyoisaini haitekelezeki kwa fedha zilizopo. Je, kipo kitabu cha jambo hilo kinachomfaa anayeanza, au hilo ni la kujifunza kazini?

Mratibu Mstaafu (Moshi)

Binti yangu, sehemu kubwa ni ya kujifunza kazini, lakini vipo vitabu viwili ambavyo vingenifaa mno kama ningekutana navyo nikiwa na umri wako.

Kimoja ni Making Things Happen cha Scott Berkun, cha mwaka 2008. Mwandishi alikuwa msimamizi wa miradi katika kampuni ya Microsoft, na mifano yake karibu yote ni ya kompyuta, kwa hiyo usikisome mfululizo. Soma sura ya kufanya maamuzi, sura ya mambo yanapoharibika, sura ya uongozi na kuaminiana, na ile inayoeleza namna ya kuendesha vikao na kuandika barua pepe bila kuwachosha watu. Sura hizo nne zinaeleweka hata na asiyejua kompyuta. Anaeleza kwa upole jambo ambalo vitabu vya michakato huliruka, kwamba habari mbaya inayotolewa mapema, pamoja na njia mbili au tatu za kutokea, humjengea msimamizi heshima, na habari hiyohiyo ikigunduliwa na mwingine huibomoa. Barua yako kwa mfadhili iandike sasa, kabla fedha ya robo ya kwanza haijaanza kutumika, na ndani yake uoneshe ni kipengele gani cha bajeti kinaweza kupunguzwa ili matengenezo yapate fungu. Wafadhili wengi hukubali kuhamisha fedha ndani ya bajeti mradi ukiwa mchanga, na wengi hao hukataa ukiwa umebaki mwezi mmoja.

Cha pili ni How Big Things Get Done cha Bent Flyvbjerg na Dan Gardner, cha mwaka 2023. Flyvbjerg amekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000 kutoka nchi 136, na anaonyesha kwamba iliyomalizika ndani ya bajeti na ndani ya muda ni asilimia 8.5 tu, na ukiongeza sharti la kuleta manufaa yaliyoahidiwa inabaki nusu ya asilimia moja. Utamkuta akisimulia jumba la opera la Sydney, lililotarajiwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na likaishia kugharimu milioni 102 lilipofunguliwa mwaka 1973. Wewe hujengi jumba la opera, lakini ushauri wake mmoja unakuhusu moja kwa moja. Usikadirie muda wa mradi wako kana kwamba haujawahi kuwako mwingine kama huo, bali utafute miradi ya aina yake iliyokwisha kufanyika uone yenyewe ilichukua muda gani. Nenda ofisi ya wilaya yako ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, uombe kuonyeshwa visima vilivyochimbwa miaka ya karibuni, ulizia kila kimoja kibali kilichukua muda gani, pampu ilikaa wapi na kwa nini, na kama kuna vilivyokauka. Zile wiki 4 na wiki 8 za Ndugu yetu wa Mombasa ni za mfano, kama alivyosema mwenyewe, na mahali pa kupata namba za kweli ni pale.

Kuhusu mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, usikubali mabishano ya mahali pa kisima yafanyike kabla ya utafiti wa maji chini ya ardhi kukamilika, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu ana haki ya kuwa na maoni. Mtaalamu akishaonyesha maeneo mawili au matatu yenye dalili nzuri, wapeleke wote wawili uwandani siku moja pamoja na kamati ya shule, na muhtasari usainiwe hapohapo.

Kwa mpangilio wa kusoma, ningekuambia umalize mwongozo wa Project DPro mwezi huu, usome sura za ratiba za Portny au Watt wakati unatengeneza mpango kazi, na vitabu hivi viwili vya mwisho uviweke kwa safari za basi. Sura za ununuzi katika vitabu vyote vilivyotajwa hapa unaweza kuziruka. Utaratibu wa kumpata mkandarasi wako umo katika kiambatisho cha mkataba wa mfadhili, pamoja na viwango vya fedha vinavyokulazimu kutangaza zabuni au kukusanya nukuu tatu za bei, na mkaguzi atakapokuja ndicho atakachokifungua. Kisome kabla hujamwita mzabuni yeyote.